Naomba ushauri: vikombe vya kauri vinavyosemwa ni vya zama za Sayyid Barghash

BintiLamu ameandika:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Nyumba ya bibi yangu huko Lamu imekwisha kukarabatiwa, lakini zidaka za ndani, vile vishimo vya ukutani vya kupangia vyombo, zimebaki tupu, kwa kuwa vyombo vilivyokuwa vikipangwa humo viligawanywa baada ya msiba, vingine vikavunjika na vingine vikauzwa kwa bei ya kutupa. Nimekusudia kuzijaza tena kidogo kidogo, si kwa vyombo vilevile, maana havitapatikana, bali kwa vya aina ile ambayo bibi angeipokea kwa mikono miwili.

Mombasa nimempata muuzaji wa vitu vya kale mwenye seti ya kauri: buli, bakuli la sukari, na vikombe sita na visahani vyake, vyeupe na vyembamba, vyenye ukanda wa buluu na mstari wa dhahabu ukingoni. Anasema vilitoka Unguja zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, na anataka shilingi 38,000 za Kenya. Chini ya kila kikombe mna chapa ya kijani yenye herufi M iliyozungukwa na shada la majani, na maneno ya Kiingereza yasemayo kuwa kimetengenezwa Japani. Aliponiona nasita, akaniambia ataniongezea mabakuli mawili mazito ya maua mekundu na ya kijani, akisema hayo ni ya udongo tu na hayana thamani. Kitakoni yana picha ya mnyama aliyelala mwenye kichwa cha binadamu, na neno Maastricht.

Mwaka jana niliuziwa sahani "ya kale" ambayo rangi yake ilibanduka siku ya kwanza nilipoiosha kwa maji ya moto, kwa hiyo safari hii naogopa. Je, vikombe hivi ni vya zama hizo kweli? Vinafaa kunywewa chai? Tena bakuli moja ningependa kumpelekea dada yangu aliyeko Maskati. Kuna kizuizi chochote?

Mzee wa Makabati, Unguja, amejibu:

Waalaykum salaam, mwanangu. Sayyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Chapa uliyoieleza ni ya Noritake, kampuni iliyoanzishwa Japani mwaka 1904, ambayo seti yake ya kwanza kamili ya mezani ilitoka 1914. M ni ya Morimura, jina la ndugu walioiasisi biashara hiyo, na baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia herufi hiyo iligeuzwa kuwa N. Ongeza na hili: sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilitaka kila chombo kitaje nchi kilikotoka, ndipo Wajapani wakaandika "Nippon", jina la nchi yao kwa Kijapani, na ilipofika 1921 Wamarekani wakalikataa neno hilo wakataka "Japan". Kwa hiyo vikombe vyako, vikiwa halisi, ni vya baina ya miaka ya 1920 na mwanzo wa miaka ya 1940. Ni vyombo vizuri na vina umri wa heshima, ila usikubali kutozwa bei ya enzi ya Barghash.

Sasa nije kwenye mabakuli, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mnyama huyo ni alama ya kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi, kilichoanza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836 na kuchukua jina la De Sphinx, yaani jina la mnyama huyo, mwaka 1899. Mabakuli ya namna hiyo, yenye maua yaliyogongwa kwa kipande cha sponji kilichochongwa, yaliletwa pwani yetu kwa wingi, yakaliwa wali na mchuzi majumbani. Yatazame maua yenyewe kwa karibu: utaona tundutundu za sponji ndani ya rangi, na mahali ambapo mgongaji alimaliza mzunguko, ua la mwisho limepandana kidogo na la kwanza kwa kuwa nafasi haikumtosha. Mimi nikiona pale maua yalipopandana, huuona mkono wa mtu.

Tunapozungumza juu ya kauri za pwani, wengi wetu huruka moja kwa moja hadi Uchina, kwa sababu ya vipande vilivyofukuliwa Gedi na mabakuli yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi na Mambrui. Ni haki yake. Lakini zidaka za bibi zetu zilikuwa na Maastricht pia, na anayesema hayana thamani hajui anachokiuza. Angalia tu kama pana maneno "Made in Holland". Yakiwapo, bakuli ni la baadaye, yaelekea la karne ya 20. Jina la Regout peke yake lisikupe tarehe, kwani liliendelea kupigwa chapa baada ya kiwanda kubadili jina.

Mpwani wa London amejibu:

Dada, mimi hununua vikombe kwenye masoko ya mitumba ya huku kila Jumapili, na nimekwisha kupata hasara za kutosha kuweza kukuonya. Usinunue seti kwa kutazama kikombe cha juu. Kitwae kila kimoja, kining'inize kwenye kidole kwa mkono wake, kisha ukigonge ukingoni kwa ukucha. Kauri nzima hulia mlio mwembamba unaokawia. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele na macho hayauoni. Baada ya hapo kielekeze kwenye jua: kauri hupitisha mwanga, na ukiweka vidole nyuma yake utaona vivuli vyake. Mabakuli ya udongo hayatapitisha, nayo hiyo si kasoro.

Pitisha ukucha polepole ukingoni kuzunguka. Palipomegeka pakazibwa kwa gundi na kupakwa rangi, ukucha husikia ulaini, na ukipata tochi ya mwanga wa ultravayoleti, kiraka hicho mara nyingi hung'aa tofauti na sehemu nyingine. Uchakavu wa kweli nao una mahali pake: dhahabu huisha pale midomo inapogusa na pale kidole gumba kinaposhika. Wazee wetu wengi walimimina chai kisahanini ipoe, kwa hiyo tazama hata visahani. Uchafu wa kahawia uliosambaa sawasawa kila mahali, hata ndani ya chapa, hunitia shaka.

Maabara ya Jikoni amejibu:

Naomba niongeze la afya. Utando wa kioo wa vyombo vingi vya udongo vya karne ya 19 ulitengenezwa kwa madini ya risasi, na rangi zilizopakwa juu ya utando, hasa nyekundu, njano na chungwa, zinaweza kuwa na risasi au kadimiamu, metali zenye sumu. Kinachozitoa ni tindikali, moto na muda. Kwa hiyo mabakuli yasitiwe achari, ukwaju wala chai ya ndimu, yaacheni kidakani. Vikombe vyeupe ndani, visivyo na nyufa na vyenye mapambo kwa nje tu, hatari yake ni ndogo zaidi, lakini nisingevitumia kila siku, na watoto na wajawazito nisingewanywesha humo. Ukitaka uhakika, mpelekee mwenye maabara. Na chombo chenye dhahabu kisiingizwe kwenye maikrowevu kamwe.

Mwanasheria wa Kisauni amejibu:

Kuhusu Maskati: Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa ni kitu cha kale kila kitu kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa nje kunahitaji kibali. Bakuli lako huenda likaangukia humo. Lipeleke kwanza Makumbusho ya Taifa, hata pale Fort Jesus, ukaulize kabla dada yako hajalisubiri.

BintiLamu ameandika tena:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Jana nilirudi dukani na tochi ya kuazima. Vikombe vinne vililia vizuri, cha tano kilitoa sauti kama ya kibuyu, na cha sita kilikuwa na kiraka mkononi kilichong'aa cheupe chini ya tochi. Nilimweleza muuzaji, kwa adabu, habari za M na mwaka 1904. Alinyamaza kitambo, akavaa miwani, akaitazama chapa kana kwamba haijawahi kuwepo. Tulikubaliana shilingi 17,000 kwa buli, bakuli la sukari na vikombe vinne, na nikayalipia mabakuli pia, 3,000 kwa yote mawili, kwa sababu sikutaka yaingie nyumbani kwa bibi kama nyongeza.

Hayana "Made in Holland", Mzee. Na lile moja, ua la mwisho limepanda juu ya la kwanza, nusu jani. Jumatatu nayapeleka Fort Jesus yatazamwe. La dada litasubiri kibali.

Mzee wa Makabati amejibu:

Marahaba, mwanangu. Ukiyaosha, tandika taulo ndani ya beseni, maji yawe vuguvugu, na pete uzivue kwanza.