Kolbeki zinanichanganyia vipimo vya mizani, nihamie kwenye chaneli?

Fundi_Shangani: Habari za jioni wakuu. Nipo Mtwara mjini, natengeneza programu ya ghala la korosho la chama cha msingi huko Tandahimba, naandika kwa lugha ya Go. Mizani imeungwa na kompyuta kwa waya, uzito ukitulia karani anabonyeza kitufe, laibrari ya mizani inaita kolbeki yangu (kipande cha kodi nilichoikabidhi ikiite uzito ukifika), na humo ndani nahifadhi kwenye databesi, nachapa risiti, namtumia mkulima meseji. Sasa mtandao ukisuasua meseji inakula sekunde nne tano, gunia la pili limeshawekwa na halisomwi. Nikaona kila kolbeki niifungulie gorutini yake (kazi inayokimbia sambamba na nyingine), ndo nikaharibu kabisa, jana kwenye majaribio gunia la kilo 81 limetoka na jina la mwenye kilo 64, maana jina la mkulima lipo kwenye variabo moja na wote wanaigusa. Hizo kilo 17 ni jasho la mtu, siwezi kupeleka kitu kama hicho msimu ukifunguliwa. Kuna mtu kaniambia chaneli, zinasaidiaje hapa?

Dada_Mikindani: Pole kaka. Kolbeki iache na kazi moja tu, ifunge uzito na jina la mkulima pamoja, iviweke kwenye chaneli, yaani foleni ya kupitishia data kati ya gorutini, iondoke.

`vipimo := make(chan Kipimo, 50)`

Upande wa pili gorutini MOJA inachota kimoja kimoja, inahifadhi, inachapa, inatuma. Yule anayeshusha magunia kwenye lori halifuati gunia mpaka ndani, analitua kwenye turubai anarudi kuchukua lingine, na lililotangulia kutuliwa ndo linatangulia kuandikwa. Hiyo 50 ndo upana wa turubai. Usipoweka namba hakuna turubai, mshushaji anasimama na gunia kichwani mpaka apokelewe. Na jina likisafiri na uzito wake hakuna variabo ya kugombania, kufuli la kuzuia gorutini mbili zisiiguse pamoja huhitaji.

Babu_Ruangwa: Mwanangu msikilize dada yako, wazo hilo la siku nyingi, mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliliandika 1978 kabla hata Go haijatangazwa 2009. Ila hapo kwenye kuhifadhi sikubaliani naye. Chaneli inakaa kwenye memori, umeme ukikata na vipimo kumi vipo kwenye turubai, vyote vimekwenda na mkulima keshaondoka. Kuandika databesi ni milisekunde chache tu, iache ndani ya kolbeki, weka alama "haijatumwa", halafu chaneli ibebe risiti na meseji. Programu ikiwaka inapitia zenye alama hiyo inazirudisha. Turubai likijaa kolbeki itakwama vilevile kama mwanzo, kwa hiyo tumia `select` yenye `default` (jaribu kuweka, ikishindikana usisubiri), ikijaa pita, ile alama itakukumbusha baadae. Na anayefunga chaneli awe anayetuma, siyo anayepokea, ukituma kwenye iliyofungwa programu inaanguka hapohapo.

Dada_Mikindani: Shikamoo babu, la umeme kweli sikuliwaza. Kaka fuata hiyo. Ila risiti na meseji zipe chaneli mbili tofauti, mkulima asisubiri karatasi yake kwa sababu ya mtandao.

Fundi_Shangani: Shikamoo zangu zimfikie babu, asanteni sana. Nimeandika upya usiku kucha, asubuhi nimepima mifuko ya mchanga 30 mfululizo, katikati nikachomoa umeme makusudi. Zote 30 zipo, kila jina na kilo zake, meseji saba zilizobaki zimetoka zenyewe nilipowasha. Risiti moja ndo imetoka mara mbili, naona printa nayo inahitaji alama yake.

Babu_Ruangwa: Ndiyo, weka "imechapwa" baada ya printa kujibu, na karatasi iwe na namba ya kipimo ili nakala ijulikane.