Amegonga gitaa la marehemu baba mdogo kama anachagua fenesi, halafu eti "MWEMBE HUU"!

Mpiga Solo wa Makorora:

Wakuu, nimetoka kwa fundi wa magitaa sasa hivi. Viatu sijavua, chai sijanywa, vidole vinatetemeka. Herufi zikikosewa mnisamehe.

Mnamjua. Simtaji wala sina haja ya kumtaja, maana kila mwenye gitaa Tanga hii alishaambiwa "mpelekee yeye, yule ndiye mwenyewe". Ndiye huyo huyo.

Nimempelekea gitaa la umeme la baba mdogo, Mungu amrehemu. Alilipiga kwenye madansi enzi zile bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zinaitikisa Tanga, na alipofariki tulilikuta darini limeviringishwa kwenye kanga ya mama mdogo. Jina la kampuni kwenye kichwa cha gitaa limefutika. Kona ya chini imemeguka kipande kama ukucha wa dole gumba, na mimi nataka kuziba kwa mbao ya aina ile ile, basi. Swali langu lilikuwa moja tu: hii mbao gani?

Nimemwamkia shikamoo, hakuitikia. Nikasema sawa, mtu mzima labda hakusikia.

Hakushika bisibisi. Hakuligeuza. Hakutazama hata pale palipomeguka, ambapo mbao iko wazi inamtazama machoni! AKALIGONGA. Mara tatu, kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, kama anabisha hodi. Akaweka sikio. Akafumba macho kama anaongea na mizimu ya mapango ya Amboni. Halafu mbele ya baraza zima la kahawa, watu wanane nimewahesabu, akasema: "Mwembe huu. Mpelekee seremala akutengenezee stuli."

MWEMBE! Wakuu, MWEMBE!

Watu wamecheka mpaka muuza kahawa kaweka dele chini. Kuna mzee kacheka mpaka kikohozi kikampanda ikabidi apigwe mgongoni. Mimi nimesimama na gitaa la marehemu mkononi kama nimebeba kigoda.

Na nilishalifungua mwenyewe jana usiku! Nimetoa skrubu nne za nyuma, nikaitoa shingo, nikamulika tochi ya simu kwenye kile kishimo inapokaa shingo, sehemu ambayo rangi haikufika. Mbao ni nyeupe ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Ina mstari wa vitundu vidogo vidogo, ncha ya pini inaingia, kisha ubao laini, kisha mstari mwingine wa vitundu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukipitisha kidole unasikia vijifereji. Vitundu vya mwembe vimetawanyika ovyo ubao mzima, havijipangi mistari! Hiyo ni ashi, mti ule ule kampuni ya Fender ya Marekani walioanzia nao gitaa lao la Stratocaster mwaka 1954. Nikaanza kumweleza, akanipungia mkono kama anafukuza nzi.

Ko ko ko. Sijui leo nitalalaje.

Tuliza Mshono:

Bila picha hii ni chai, tena ya tangawizi. Weka picha.

Bint Raskazone:

Pole kaka yangu. Ila hapo pa mzee kupigwa mgongoni nimecheka, nisamehe.

Dereva wa Korogwe:

Mkuu, kwani likiwa mwembe kuna ubaya gani? Msimu ukifika unakula.

Mpiga Solo wa Makorora:

Dereva, mimi natoa la moyoni wewe unaleta maembe. Hujamwona alivyofumba macho! Angeniambia "mwanangu sijui, acha nilifungue," ningemnunulia kahawa na kashata. Kagonga. Mbele za watu. Gitaa lina rangi nzito, lina pikapu mbili za kunasa sauti ya nyuzi, lina mashimo ya waya tumboni. Ukiligonga unasikia mashimo, mbao utaisikilia wapi?

Nyuzi Sita:

Mimi besi langu ALILINUSA. Wallahi alilinusa. Akasema mahogani. Nimefika nyumbani nimefungua kifuniko cha waya nyuma, nakuta matabaka kama chapati za kusukuma, moja juu ya moja. Plaiwudi tupu. Na hela ya kunusa nilimlipa.

Mpiga Solo wa Makorora:

@Nyuzi Sita SEMA TENA WASIKIE.

Randa na Msasa:

Habari zenu. Mimi ni seremala na nimewahi kutengeneza magitaa kadhaa, ngoja niseme kidogo.

Mleta uzi, kwenye kugonga uko sawa kabisa, pale hapana elimu. Mbao inatazamwa mahali ambapo haina rangi: kishimo cha shingo, chini ya ile plastiki ya mbele, ndani ya tundu la waya, hata kwenye tundu la skrubu. Rangi inaficha mengi. Magitaa ya Gibson Les Paul ya mwaka 1952 yalipakwa rangi ya dhahabu, na chini yake kuna mahogani iliyofunikwa kwa ubao wa mepo juu. Ungeitazama kwa mbele tu usingejua hata kama ni mbao mbili.

Lakini ashi usikimbilie, ndugu yangu. Gitaa limefutika jina, na la zama hizo linaweza kuwa limetoka Japani. Wajapani wana mti unaitwa seni, mistari yake ya vitundu inafanana na ashi mpaka mafundi wa kwao wenyewe wanauita ashi. Kwa kawaida ni mlaini na mwepesi kuliko ashi. Bonyeza ukucha ndani ya kile kishimo, pasipoonekana, uone unavyozama. Na Fender usiwatumie kama ushahidi, maana katikati ya mwaka 1956 Stratocaster nyingi zilihamia kwenye alda, mbao isiyo na vitundu vya kuonekana na rahisi kupaka rangi. Ashi wakaibakiza hasa kwa zile za rangi ya maziwa inayoonyesha mistari ya mbao.

Mpiga Solo wa Makorora:

Asante fundi, wewe ndiye mtu. Ukucha nimebonyeza sasa hivi, umeingia kidogo. Iwe seni, iwe ashi, nitakubali, maana wewe umenipa sababu. YEYE KANIPA STULI. Mara tatu, fundi! Ko, ko, ko!

Tuliza Mshono:

Kwa hiyo hata wewe ulikuwa hujui. Mmegongana wawili.

Mpiga Solo wa Makorora:

Mimi nilikosea nikiwa nimefungua na tochi mkononi. Yeye kakosea akiwa amefumba macho. Usitulinganishe.

Mzee wa Chumbageni:

Vijana, mnadharau mbao rahisi bure. Kuna magitaa ya Danelectro ya Marekani ya miaka ya hamsini, bodi ni hadibodi, yaani nyuzi za mbao zilizogandamizwa, juu na chini, katikati fremu ya mbao, na Jimmy Page, mpiga gitaa wa bendi ya Led Zeppelin, alilipiga hilo hilo. Na zile gitaa za Gibson, Flying V na Explorer za mwaka 1958, ambazo leo watu wanauza nyumba wazipate, walizipa jina la kibiashara "korina", kumbe ni limba, mti wa Afrika Magharibi na Kongo. Mti wetu unakwenda Ulaya na Marekani unabadilishiwa jina unarudi na heshima. Hilo ndilo la kukasirikia.

Bint Raskazone:

Shikamoo mzee. Hilo la mti kubadilishiwa jina limenigusa, maana mimi mwaka jana nimenunua KITANDA CHA MNINGA. Fundi kaniapia kwa mama yake. Kina rangi nyekundu, kinang'aa kama gari jipya. Juzi nimekisugua kwa sabuni, kitambaa kimegeuka chekundu, chini kunatokea ubao mweupe una vifundo kama macho ya bundi. Paini! Nimelalia paini mwaka mzima nawaringia mashoga zangu.

Dereva wa Korogwe:

Hahaha, dada umelalia msitu wa paini wa Sao Hill ukidhani uko kwenye mninga wa Tabora.

Nyuzi Sita:

Dada, mafundi wa vitanda ndio mabingwa. Mimi kabati langu la "mtiki" limebunguliwa na wadudu miezi minne tu. Ukilifungua linamwaga unga kama mashine ya kusaga.

Mpiga Solo wa Makorora:

Jamani, uzi ni wa GITAA. Narudia, hakuitikia hata shikamoo.

Bint Raskazone:

Kaka tumekusikia, tunakuja. @Randa na Msasa, mninga wa kweli nitaujuaje kabla sijalipa?

Randa na Msasa:

Geuza kitanda, dada. Tazama chini ya chaga na ndani ya tundu la bolti, ambako vanishi haifiki, ni yale yale ya gitaa. Mninga una kahawia yake mwenyewe ndani mpaka kiini, yenye michirizi ya wekundu. Paini ukiukwangua ni mweupe na unanukia utomvu. Na ukinyanyua utajua, mninga hauchukuliwi kwa mkono mmoja. Akikataa ukwangue hata nyuma ya mguu wa kitanda, ondoka.

Mama Watatu:

Mimi nilikwangua na bado nikaliwa. Mguu mmoja mninga, mitatu paini. Nilikwangua ule mmoja.

Tuliza Mshono:

Mama Watatu umeua. Weka picha ya hiyo miguu.

Mama Watatu:

Nasubiri mchana, umeme umekatika. Na hao wa umeme nao nina lao.

Dereva wa Korogwe:

Hapo sasa! Huku kwetu toka asubuhi, samaki wangu kwenye friji wananitazama tu.

Mpiga Solo wa Makorora:

Mara TATU, wakuu. Na sikio akaweka.

Bint Raskazone:

Fundi Randa, stendi kubwa ya Muheza kuna mtu anauza vitanda vya mtiki, unamjua? Nije na bisibisi au na kisu?

Randa na Msasa:

Vyote viwili, dada. Na tochi.