Hilux 1KD yenye kilomita 387,000 inavuta mashine ya kupukuchua mahindi: nianzie wapi kabla ya msimu?

Kijana_wa_Isimani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za kazi.

Nina Hilux dabo kebini ya 2008, injini ya 1KD lita 3, gia za mkono. Niliinunua mnadani miaka minne iliyopita, haikuja na kitabu cha sevisi. Sasa dashibodi inasoma kilomita 387,000. Kuanzia mwezi wa sita kazi yake ni kuvuta mashine ya kupukuchua mahindi kijiji kwa kijiji, Isimani mpaka Ilula, na mara mojamoja nateremka mlima wa Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni. Mashine na tela lake ni kama tani moja na robo. Nikikwama siku mbili, mnunuzi wa mtu keshafika na lori na mahindi bado yako kwenye magunzi. Nimeshaona mzee akiuza kwa hasara kwa sababu hiyo, na iliniuma.

Oili namwaga kila kilomita 10,000. Gari haichemshi, mlima inapanda. Asubuhi tu ikiwaka ina mlio kama mtu anapuliza, chu-chu-chu, juu ya injini. Ikipata moto unapotea. Fundi wangu anasema gari isiyosumbua haifunguliwi. Lakini mwaka jana jirani yangu mwenye gari kama hii injini ilikamata katikati ya Kitonga akiwa na mzigo nyuma, na yake nayo ilikuwa haisumbui.

Nimetenga milioni moja na nusu. Nianzie wapi?

Fundi_Mzee_Makambako

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye huo mlio wa asubuhi, mengine yote yasubiri.

Chini ya kila nozeli ya 1KD, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, kuna washa, yaani ringi ndogo, inayoziba moto wa silinda usipande juu. Ikichoka, moshi wa mwako unapenya pembeni ya nozeli, unaingia chini ya kava la valvu na kuchanganyika na oili. Oili inageuka kuwa kama lami. Lami hiyo inashuka kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuganda kwenye wavu ambao pampu ya oili inavutia. Siku wavu ukiziba, injini inakosa oili, na inakosa hasa pale inapobeba uzito, yaani mlimani na tela nyuma. Nimefungua injini nyingi za namna hiyo zilizokamata. Wavu unakuta umejaa kitu cheusi kigumu, unakikwangua kwa bisibisi. Sijamwona jirani yako, lakini ningekuwa mimi ningeangalia hapo kwanza.

Kwa hiyo mwambie fundi ateremshe sampu ya chini auone wavu kwa macho yake. Kisha afungue kava la valvu. Akikuta masizi ya lami yamezunguka nozeli, atoe zote nne, asafishe vikalio vyake mpaka ving'ae, aweke washa mpya. Washa iliyotumika hairudi, hata ikionekana nzima. Kila nozeli irudi silinda yake, na boliti zikazwe kwa spana ya kipimo, si kwa nguvu ya mkono. Hapo nasisitiza kwa sababu kazi hii ikifanywa nusu, baada ya miezi mlio unarudi.

Oili: 10,000 ni nyingi kwa gari ya kuvuta. Mwaga kila 5,000, pamoja na filta.

Mkanda wa taiming kiwanda kimeupa kilomita 150,000. Wako hujui ulibadilishwa lini, kwa hiyo hesabu kwamba haukubadilishwa. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na milioni moja na nusu haitatosha hata kuanzia.

Halafu rejeta. Wewe unafanya kazi ndani ya makapi ya mahindi. Yanaingia kati ya rejeta na kondensa ya AC, kwa mbele huyaoni. Puliza au osha kutokea upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya nguvu ndogo, kila wiki ya msimu. Feni nayo ijaribu injini ikiwa imezimwa: ukiizungusha kwa mkono iwe nzito kidogo. Ikizunguka kirahisi kama ya mtoto ya karatasi, klachi yake imekufa.

Dereva_wa_Tunduma

Mkuu, fundi amemaliza ya injini, mimi naongeza la tela. Tani moja na robo, je, tela lina breki zake? Hilux hii kwa tela lisilo na breki mwisho ni kilo 750. Kuteremka Kitonga na uzito huo ukisukuma kutoka nyuma ni hatari, kwako na kwa mwenye basi aliye mbele yako. Funga breki kwenye ekseli ya tela kabla hujanunua kitu kingine. Na mlima uteremke kwa gia ndogo, iingize kabla hujaanza kushuka, usisubiri breki zinuke.

Beringi za tela pia. Baada ya kilomita 20 simama, gusa habu, kile kitovu cha gurudumu. Ikikuunguza, usiendelee.

Kijana_wa_Isimani

Wakubwa, narudi na majibu baada ya siku kumi na mbili.

Sampu imeshushwa. Wavu ulikuwa umeziba zaidi ya nusu. Nimeupiga picha na nimempelekea jirani yangu, amekaa kimya muda mrefu kisha akanipigia simu. Nozeli ya pili na ya nne zilikuwa zimezungukwa na lami. Washa zote mpya, mkanda mpya, oili 15W-40. Asubuhi hii imewaka bila ule mlio.

Fedha imeisha kabla ya breki za tela. Dereva, nimekuelewa, msimu huu mashine haitashuka Kitonga, nitabaki Isimani kwenye tambarare mpaka nizifunge. Watu wa Ruaha Mbuyuni nimeshawaambia.

Fundi, kuna la kufanya zaidi kwenye oili?

Fundi_Mzee_Makambako

Umefanya vizuri kuwaambia mapema.

Lipo. Lami iliyobaki kwenye njia za ndani itaendelea kutoka. Oili hii uliyoweka imwage kwenye kilomita 1,000 tu, ukifika 3,000 mwaga tena, na mara hiyo ya pili sampu ishuke uangalie wavu. Ukiwa safi, ndipo uende na 5,000 zako. Na dizeli ya madumu ya kijijini ipitishe kwenye kitambaa safi, uache itulie usiku kucha, ya chini usiimimine. Filta ya dizeli ina kifungulio cha maji kwa chini: kila Jumamosi kifungue mpaka itoke dizeli tupu.