Krismasi ya nyumbani mmeigeuza bili, tumechoka sasa!

Wakuu salama? Nimevurugwa hapa mnivumilie.

Desemba haijafika hata katikati grupu la ukoo wetu wa Kichagga limeshageuka ofisi ya makusanyo. Mchango wa mbuzi wa ndafu sawa, huo upo miaka yote sijawahi kuupinga, pombe ya mbege sawa pia. Afu juzi vikaanza kushuka vingine, tisheti nyekundu za ukoo zenye jina la babu mgongoni, tenti, mpiga picha na droni yake, na eti MC. MC wa nini jamani?? Tunakutana kwenye kihamba cha babu, shamba la nyumbani la ukoo, pale kila mtu anamjua mwenzie mpaka madeni yake, huyo MC anamtambulisha nani kwa nani? Ukiuliza unajibiwa "usituangushe, mwaka jana ukoo wa jirani walipendeza". Yaani Bwana Yesu kazaliwa zizini sisi tunashindania tenti.

Na kufika huko Kibosho, Moshi, kwenyewe ni vita. Pale stendi ya Magufuli Mbezi, Dar, nauli elekezi za LATRA, wale wasimamizi wa usafiri, zinajulikana, na kila Desemba mabasi ya njia nyingine yanapewa vibali vya muda kubeba watu wa Moshi na Arusha, sasa nashangaa dirishani naambiwa gari imejaa, natoka hatua chache nje mpiga debe ananivuta shati siti ipo. Tiketi anakuandikia nauli halali kabisa, mkononi anapokea karibu mara mbili, ukihoji anacheka, "mangi si unaenda kula nyama, toa hela". Ushahidi wa kushitaki huna maana karatasi inasema umelipa sawa. Wezi wakubwa.

Sasa wapo wa kuniambia umekua wewe, Krismasi ni ya watoto. Uongo mtupu. Utotoni mimi nilichojua ni nguo mpya na soda, mambo yenyewe nimekuja kuyaona ukubwani. Baada ya misa, kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kikishanyweka, wazee wanakaa pembeni na yale yaliyolala mwaka mzima yanatolewa, nani kamdhulumu nani, nani hajaenda kumwona mama. Na mwenye kosa anakuja na jani la isale mkononi, na kimila ukiletewa isale hukatai msamaha hata kama roho inauma vipi. Mimi hiyo ndo Krismasi inayonipakia kwenye basi, mapambo kila duka la Dar lipo nayo, hadi vijana wa watu wanavalishwa ndevu za pamba na joto hili.

Sasa sikieni kilichonitoa povu. Mwaka jana baba mdogo akaja na isale kwa mzee wangu, walikuwa hawasalimiani kisa mpaka wa shamba. Mzee kapokea, mkono unamtetemeka, shangazi ameshaanza kulia, mara kijana wa kamera anaingia katikati, "samahani wazee turudie, baba shika jani juu kidogo lionekane". Na wakarudia!! Baba mdogo wa watu akarudi nyuma akaja tena na jani lake kama anaigiza, watu wenye tisheti nyekundu wanapiga makofi. Mzee hakusema kitu lakini uso nilimwona. Video inazunguka mpaka leo imewekewa muziki.

Na huyo huyo mpiga picha ndo tunachangishwa arudi, tena bei imepanda.

Mchango wa mbuzi nshatuma. Tisheti, MC na droni sitoi hata mia, na kijana akisogeza kamera wazee wakiwa wanaongea tutakosana kweupe. Admin akitaka kunitoa grupu anitoe tu, njia ya Kibosho naijua.