Dizeli ya mafuta ya chipsi: iruhusiwe, au ni uchakachuaji wenye jina zuri?

Mbeba Machungwa (Mikanjuni, Tanga): Wakuu, heshima zenu. Nina Hilux ya mwaka 1996, injini 3L, nabeba machungwa kutoka Muheza siku sita kwa wiki. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitoa bei mpya za mafuta ya magari, hesabu zangu zinaanza upya. Sasa mtaani kwetu kuna kijana anakusanya mafuta yaliyochoka kwenye mabanda ya chipsi, anayashughulikia kwenye pipa uani kwao, kisha anauza kama bayodizeli, chini ya bei ya pampu. Nimechanganya nusu kwa nusu miezi miwili. Mwanzoni raha tupu: moshi ulipungua, mlio ukatulia, nyuma ya gari kunanukia mihogo ya kukaanga. Wiki ya tatu gari likaanza kukohoa. Kufungua filta, tope jeusi. Nimeshabadili mbili.

Wapo wanaosema nimeua injini. Wapo wanaosema kitu ni kizuri, kinachokosekana ni ruhusa ya serikali tu. Karibuni, ila mje na hoja.

Fundi Nozeli (Ngamiani): Mgosi, filta mbili si msiba. Bayodizeli inaosha. Tangi la gari la umri huo lina utando wa miaka yote, ukilimwagia inaubandua na kuusukuma mbele. Filta ya tano ikiziba ndipo tuanze kusali.

Mimi naogopa mipira. Hosi na oringi za magari ya zamani, nyingi ni mpira wa kizamani, na bayodizeli nyingi inauvimbisha mpaka unalegea kama biskuti kwenye chai. Pampu inaanza kutoa jasho, hewa inaingia, asubuhi gari haliwaki. Mchanganyiko usiozidi asilimia 20 magari mengi yanauvumilia. Nusu kwa nusu umejitakia.

Lakini tusiisingizie. Dizeli ya siku hizi iliyopunguzwa salfa ni kavu, na pampu yako inalainishwa na dizeli hiyo hiyo. Hata asilimia 2 ya bayodizeli inarudisha utelezi. Ulaya dizeli ya kawaida inaruhusiwa kuwa nayo hadi asilimia 7, watu wanajaza wala hawajui. Indonesia wamefika asilimia 40 mwaka 2025.

Wenye magari mapya yenye chujio la masizi kwenye egzosti, nyie kaeni mbali na pipa la huyo kijana. Gari la hivyo humwaga mafuta ya ziada ili lichome masizi, na bayodizeli haivukizwi haraka, inateremka hadi kwenye oili. Utaona oili imepanda kwenye dipstiki, ufurahi kwamba gari halili oili.

Kijana wa Chongoleani: Bomba la mafuta la Hoima, Uganda, linakuja kuishia hapa kwetu, kilomita 1,443, nyie mnagombania mafuta ya chipsi 😂

Fundi Nozeli: Yale ni ghafi ya kupakia meli, mdogo wangu. Kachote na ndoo basi. Yakipoa yanaganda kama samli, ndiyo maana bomba lenyewe linapashwa moto njia nzima.

Mkwezi (Pangani): Mbona Paris mwaka 1900 kwenye maonyesho injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga? Sisi tuna minazi. Tunaogopa nini?

Mwalimu wa Kemia: Ndugu Mkwezi, kuendeshwa iliendeshwa. Ila mafuta ya kupikia yenyewe ni mazito, zaidi ya mara kumi ya dizeli. Ukiyatia mabichi yanaacha gundi kwenye nozeli na ringi. Bayodizeli ni kitu kingine: unachukua mafuta lita 100, methanoli kama lita 20, na kostiki soda kidogo, ile ya watengeneza sabuni. Unapasha hadi nyuzi 55 hivi, unakoroga, unaacha yatulie. Chini inazama gliserini, nzito, rangi ya asali chafu. Juu ndiyo bayodizeli, nayo lazima ioshwe na ikaushwe.

Methanoli si ya kuchezea uani penye watoto. Ni sumu, inapofua macho, na moto wake mchana hauonekani vizuri.

Mwenye gari, fanya hivi leo. Chukua chupa ya maji iliyo wazi, tia nusu maji nusu mafuta ya huyo kijana, tikisa kwa nguvu, weka chini nusu saa. Kisha tuambie.

Msambaa (Lushoto): Na baridi je? Mafuta mengi ya dukani ni ya mawese, yale yanayoganda asubuhi. Bayodizeli yake inaanza kuwa na ukungu kwenye nyuzi 13 hadi 16. Huko Tanga hamtaona kitu. Njoo nalo huku mwezi wa saba, ulaze gari nje.

Mama Bagia (Ngamiani): Nyie wanaume mnaongea kama vile mafuta hayo yalikuwa yanamwagwa. Nani Tanga anamwaga mafuta? Ya chipsi yakichoka nanunua mimi nakaangia bagia, yakinichoka mimi anachukua wa samaki. Tangu aingie huyo kijana wenu na pipa lake, dumu la lita 20 limepanda, na akifika mapema silioni kabisa.

Mwalimu wa Kemia: Mama, kwa heshima, mafuta yaliyokaangiwa mara kumi hayafai tumboni. Heri yaende kwenye gari.

Mama Bagia: Sawa mwalimu. Niletee mapya kwa bei ya yale.

Mbeba Machungwa: Mama kanigusa. Nimepiga hesabu. Fuso ikila lita 30 kwa kilomita 100, kwenda Dar tu, kama kilomita 350, ni zaidi ya lita 100. Madumu matano na kidogo, safari moja, gari moja. Mabanda yote ya Ngamiani yatalisha Fuso ngapi? Na mafuta mapya ya kula nchi inaagiza mengi nje, tena lita yake inaishinda dizeli bei. Hapo ruhusa ya serikali itafanya nini?

Mzaramo (Kisarawe): Mtaambiwa mpande mbono kaburi, mbegu zake zikamuliwe mafuta ya magari. Sisi tuliambiwa hivyo. Kampuni kutoka Uingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 za vijiji 11, mwaka 2011 ikaanguka. Ule mti wazee walipanda makaburini, mbegu zake hata mbuzi hali. Ardhi ndiyo tuliyoitaka, mbono hatukuuhitaji.

Mhasibu (Chumbageni): Na barabara? Kila lita ya pampu ina tozo ya barabara ndani yake. Ya pipani haina, na muuzaji hana leseni. Mkitaka iruhusiwe, bei hiyo nzuri mnayoisifia haitabaki.

Mbeba Machungwa: Nimerudi, saa nne usiku. Mwalimu, nimetikisa chupa. Nusu saa, saa nzima, maji na mafuta hayajaachana. Kumekuwa na kitu cheupe kizito, kama uji wa mtoto.

Mwalimu wa Kemia: Hiyo si bayodizeli. Ama haikuiva, ama ina sabuni ndani. Nzuri ingeachana na maji upesi, maji chini, mafuta juu.

Mbeba Machungwa: Nimemfuata kijana. Hakukataa. Anasema methanoli alinunua mara ya kwanza tu, ikamshinda bei. Siku hizi anachuja kwa kitambaa, anatia mafuta ya taa yawe mepesi. Ananiomba nimkopeshe hela ya methanoli, eti tugawane faida.

Fundi Nozeli: Usimwage hilo tangi barabarani. Lete gari kesho asubuhi tufungue nozeli tuone. Uje na filta yako, mimi siuzi.

Mama Bagia: Yaliyobaki pipani kwake asiyatie mafuta ya taa. Mwambie nakuja na dumu langu.