Mnalia hakuna wataalamu wa usalama wa mtandao, huku mwanafunzi mmemkabidhi katriji za printa

Wakuu, salaam. Leo sina utulivu, mtanivumilia.

Kila mwaka tunaimbiwa wimbo uleule: watu wa usalama wa mtandao hawatoshi duniani. ISC2, shirika linalotoa CISSP, cheti cha wabobezi wa usalama wa mtandao, mwaka 2023 walikadiria pengo la watu karibu milioni 4, na 2024 wakalipandisha hadi milioni 4.8. Sawa. Basi nielezeni kwa nini tangazo la kazi nililosoma asubuhi linataka "anayeanza kazi" awe na CISSP. Cheti hicho hukipati mpaka uwe na miaka 5 ya kazi kwenye fani hii. Ukiwa na digrii unapunguziwa mmoja. Anayeanza gani huyo? Na aliyeandika tangazo hilo ndiye kesho atasema vijana hawana sifa.

Mlango wetu ulipaswa kuwa mafunzo kwa vitendo. Niliomba sehemu nyingi mno. Nyingi kimya, moja wakaniuliza nina uzoefu gani. Uzoefu! Mwishowe nikapata wiki 8, bila posho. Nafasi zilikuwa mbili, ya pili akapewa mpwa wa bosi, anayesomea masoko. (Kijana mcheshi, simlaumu yeye.)

Wiki ya kwanza nikabadilisha katriji za printa. Ya pili nikafunga vichwa vya nyaya za mtandao. Ya tatu, printa tena. Kwenye chumba cha ufuatiliaji, kule kwenye skrini zinazoonyesha nani ameingia kwenye mifumo na nani anajaribu, niliingia kupeleka karatasi na kutoka. "Mambo ya siri hayo, dogo."

Mchana mmoja tu, zamu ikiwa na watu pungufu, kaka mmoja wa humo akanivutia kiti. Kuna akaunti ilikuwa inakosea nywila tangu usiku. Nikaropoka, "Tumevamiwa!" Akacheka, akaniambia nitazame saa. Kila baada ya dakika 5 kamili, haiwahi, haichelewi. "Sasa angalia inatoka wapi." Seva ya humohumo ndani. Tukafuata logi, yaani kumbukumbu za kila kinachotokea kwenye mfumo, mstari kwa mstari hadi tukamkamata mhalifu: programu ya kunakili data inayojiendesha yenyewe usiku. Nywila yake ilibadilishwa jana yake, hakuna aliyekumbuka kuiwekea mpya. Saa moja ile ilinifundisha kuliko muhula mzima wa slaidi. Msimamizi alipojua, nikarudishwa kwenye printa.

Hoja hiyo ya siri ndiyo inayonichoma hasa. Somo la mwanzo kabisa la fani hii ni kumpa mtu ruhusa ile tu anayoihitaji. Basi nipe akaunti ya kusoma tu, isiyoweza kufuta wala kubadilisha kitu. Nipe logi za mwaka jana, majina mmeyaficha. Nipe barua pepe za kitapeli zilizoripotiwa na wafanyakazi, nizichambue, halafu mkubwa apitie kazi yangu. Mnawahubiria wateja kanuni ambayo kwa mwanafunzi mmoja imewashinda?

Na hapa ndipo nilipoishiwa nguvu: ISC2 haohao wanakubali muda wa mafunzo uhesabiwe kwenye ile miaka 5, uwe umelipwa au hukulipwa, ilimradi kazi iwe ya usalama kweli na barua ya taasisi ithibitishe. Barua yangu inasema "alisaidia shughuli za idara". Mistari miwili na muhuri. Niipeleke wapi?

Mimi angalau nilimaliza. Mwenzangu wa darasani, dada aliyekuwa anatugaragaza wote kwenye mashindano ya udukuzi chuoni, alipata sehemu nyingine akaacha wiki ya tatu. Kazi haikumshinda, ilimshinda nauli. Halafu mnaitisha makongamano kujiuliza wanawake kwenye fani hii wako wapi.

Msiniambie nijiongeze, nisome mtandaoni. Nimesoma. Maabara za mtandaoni nimezimaliza, Wireshark, ile programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao, naifungua nikiwa nusu usingizi. Hakuna maabara inayokupa ile seva ambayo kila mtu ofisini ameisahau.

Najua humu wamo wasimamizi. Sitaki pole zenu, nijibuni hili tu: huyo mwanafunzi mliye naye wiki hii, ana akaunti ya kuingia kwenye mfumo, au yuko njiani kuleta katriji?