Gia za Triumph Bonneville ya kale

Swali: Ndugu zangu, nina pikipiki ya Triumph Bonneville T120 isiyo na hati, na muuzaji wa vipuri anataka kujua toleo lake kabla hajanitumia gia. Nitalitambuaje?

Jibu: Ndugu, hadi 1962 giaboksi ilikuwa na kasha lake peke yake, ilhali kuanzia 1963 iliunganishwa na injini katika kasha moja. Soma pia namba iliyogongwa kushoto mwa injini, chini ya silinda. Herufi DU huonyesha toleo la kasha moja.

Jibu: Namba pekee haitoshi, kwani pikipiki nyingi zimebadilishwa injini. Hesabu meno ya gia ya zamani, pima shafti, na ununue gia zinazosagana kwa jozi, maana mpya ikikutana na iliyolika huharibika upesi.

Muulizaji: Nimeona DU. Nitaagiza jozi.